Tabibu mwenye GPA ya 2.9 na safari yake ya kuingia udaktari: uchambuzi wa kisa kutoka Kanda ya Ziwa

Kisa hiki ni cha mwombaji mmoja. Jina, wilaya, kituo cha kazi na vyuo alivyopitia vimeondolewa. Sifa za udahili hapa ni zile zilizotumika wakati wa maombi yake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huchapisha mwongozo mpya kila mwaka, kwa hiyo anayeomba sasa aufungue wa mwaka wake.

Mwombaji alikuwa nani

Mwanamke wa miaka 27, tabibu (mtoa tiba wa ngazi iliyo chini ya daktari) mwenye stashahada ya tiba. Alikuwa ameajiriwa kwa mkataba katika kituo cha afya cha taasisi ya dini, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, na ana mtoto mmoja. Wagonjwa wake wengi ni wavuvi na familia zao: malaria, kichocho, uzazi, majeraha ya ndoano na nyavu. Kazi aliimudu. Mganga mfawidhi wake ndiye aliyemsukuma aombe udaktari wa binadamu, akimwambia umri bado unamruhusu.

Vyeti vyake vilisomeka hivi. Kidato cha nne: Kiswahili B, Biolojia C, Jiografia C, Uraia C, Kiingereza C, Kemia D, Fizikia D, Hisabati F. Kidato cha tano hakwenda, alijiunga moja kwa moja na chuo cha tiba kwa miaka mitatu. Stashahada: GPA, yaani wastani wa alama za moduli zote, 2.9 kwa kipimo cha 5, daraja la pili la chini.

Hiyo 2.9 inastahili kuangaliwa kwa karibu. Alipokaa na nakala ya matokeo yake na kukokotoa kwa mkono, yaani krediti za kila moduli mara pointi za daraja (A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2), kisha kugawanya kwa krediti zote, alipata pointi 356 kwa krediti 120. Hiyo ni 2.966. Chuo hakikukadiria kwenda juu: kilikata tarakimu zote baada ya desimali ya kwanza, ikabaki 2.9. Pointi nne tu zilimtenga na 3.0.

Na zilipotelea wapi? Mwaka wa mwisho alipata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio. Moja ilikuwa ya moduli ya krediti 12, ambayo hakufanya mtihani wake wa ndani kwa sababu alizuiwa kwa deni la ada. Kwa utaratibu wa chuo chake, anayefaulu sapu hupewa C, hata kama alama zake kwenye karatasi ni 80. Angeifaulu moduli hiyo mara ya kwanza kwa B ya kawaida, jumla ingekuwa 368, na GPA 3.0.

Maombi ya kwanza

Dirisha la awamu ya kwanza lilipofunguliwa aliomba vyuo vitatu, vyote udaktari wa binadamu, kwa njia ya stashahada. Aliomba namba ya uhakiki wa tuzo (AVN) kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada, akaiingiza kwenye mifumo ya vyuo. Katika mfumo mmoja kozi ya udaktari haikuonekana kabisa kwenye orodha ya kozi anazoruhusiwa kuchagua. Alidhani ni hitilafu ya mtandao, akarudia usiku, kisha akarudia tena siku ya pili. Katika mifumo mingine miwili maombi yalipokelewa na ada ikalipwa. Majibu yalipotoka, hakuchaguliwa popote.

Kabla ya awamu ya pili alifanya jambo ambalo waombaji wengi wa GPA ndogo hulifanya: alitafuta ushauri kwenye intaneti na akakutana na ushauri wa Marekani. Kule mtu huingia udaktari akiwa tayari na shahada ya kwanza. GPA yake ya chini huweza kufidiwa kwa alama nzuri za MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari (kipimo chake ni 472 hadi 528), kwa kusoma tena masomo ya sayansi baada ya shahada, na kwa kuonyesha kwamba alama zake zilikuwa zikipanda mwaka hadi mwaka. Kuna insha ya kujieleza, na kuna usaili. Ushauri huo ni sahihi kwa mfumo ule. Yeye akauleta Mwanza kama ulivyo. Aliandika barua ya kurasa tatu kuhusu deni la ada, sapu na miaka yake kazini, akaambatanisha barua ya mganga mfawidhi, akazipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya udahili ya chuo kimoja. Afisa aliyempokea alizisoma zote mbili mbele yake, akamwambia: "Dada yangu, barua ni nzuri na ninakuamini. Lakini mfumo hauna mahali pa kuiweka."

Awamu ya pili aliomba vyuo vingine viwili kwa vyeti vilevile. Majibu yalikuwa yaleyale.

Uchunguzi wa sifa ulionyesha nini

Ndipo alipoketi na mshauri wa masuala ya udahili, wakafungua mwongozo wa TCU kwenye ukurasa wa wenye sifa linganishi, yaani wanaoomba kwa stashahada badala ya kidato cha sita, wakasoma safu ya kozi ya udaktari wa binadamu neno kwa neno. Kwa mwenye stashahada ya tiba, safu hiyo ilidai mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0. La pili: angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza za kidato cha nne.

Alikuwa amehangaika mwaka mzima na sharti la kwanza. La pili hakuwahi kulisoma, kwa sababu alipojiunga na stashahada Hisabati haikumzuia: chuo chake kilimpokea kwa ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia. F yake ya Hisabati ilikaa kimya miaka sita. Hata angefaulu zile pointi nne na kupata 3.0 kamili, au hata 3.8, mlango wa stashahada ungekuwa umefungwa vilevile.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Swali la "nitaiteteaje GPA yangu?" lilikufa, likazaliwa jingine: ni njia gani ya kuingilia ambayo haisomi GPA hiyo kabisa?

Njia zilizowekwa mezani

*Kurudia Hisabati peke yake.* Angeweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne na kufanya Hisabati Novemba. D huanzia alama 30, na mtu mzima aliyekaa na kitabu miezi minane anaifikia. Lakini D hiyo ingeziba tundu moja tu, na stashahada ikishatunukiwa GPA haina marudio. Wakaiweka kando.

*Shahada nyingine ya afya.* Uuguzi, maabara, afya ya jamii. Baadhi zingempokea. Mshauri alimweleza wazi kwamba ni kazi za heshima na zina njia zake za kupanda, ila shahada hizo hazimfanyi mtu daktari wa binadamu. Anayezichukua kama ngazi ya kufikia udaktari hutumia miaka mitatu au minne kisha hujikuta akiomba upya. Wakakubaliana ziwe chaguo la akiba.

*Kwenda nje.* Wakala mmoja mjini alimwahidi nafasi ya udaktari nchi ya nje "bila kuulizwa Hisabati wala GPA", kwa malipo ya awali ya kushika nafasi. Mwombaji alivutiwa sana, na hapa mshauri alishikilia msimamo. TCU ndiyo inayotoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua shahada ya nje mtu anaporudi. Bila utambuzi huo, kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kunakwama. Chuo kinachokupokea bila kuuliza chochote kinakuachia maswali yote uyajibu baada ya miaka mitano, ukiwa umeshalipa ada yote. Aliachana nayo kabla ya kutoa hata shilingi.

*Kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea.* Njia hii inadai ufaulu mkuu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, zile zinazoitwa prinsipo tatu, na jumla ya pointi isiyopungua 6. Haisomi GPA ya stashahada, wala haitaji Hisabati ya kidato cha nne. Ili kujisajili anahitaji masomo yasiyopungua matatu ya daraja C au zaidi katika kidato cha nne, naye alikuwa nayo matano. Ubaya wake ni uzito: silabasi ya miaka miwili, masomo matatu ya sayansi, praktikali, na hakuna mwalimu wa darasani.

Alichagua hii ya mwisho. Sababu aliyoitoa ilikuwa nzuri: ndiyo pekee ambayo juhudi zake mwenyewe zingebadilisha tarakimu ambayo mfumo unaisoma.

Mwaka wa kwanza wa kujisomea

Dirisha la kawaida la usajili wa mtihani wa Mei lilikuwa limeshapita, akajisajili katika kipindi cha faini. Kituo cha mtihani alikichagua kwa ukaribu na nyumbani kwake. Hakuuliza habari za maabara.

Aliendelea na kazi kama kawaida, zamu za usiku zikiwemo. Jumamosi alivuka kwa kivuko cha Busisi hadi Kigongo (kisa hiki ni cha kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025), akapanda gari hadi Nyegezi kwa tuisheni, jioni akarudi. Foleni ya kivuko ilipokuwa ndefu alikosa kipindi cha kwanza, na kipindi cha kwanza kilikuwa cha Fizikia. Siku za katikati ya juma alisoma Biolojia, kwa sababu ndiyo aliyoweza kuisoma akiwa amechoka.

Matokeo ya Julai: Biolojia D, Kemia E, Fizikia S.

S si ufaulu mkuu. Ni alama 35 hadi 39, nusu pointi. Prinsipo zilikuwa mbili, na pointi 3 za prinsipo hazifiki popote. Alitaka kuacha, na kwa wiki kadhaa aliacha kweli.

Kwa nini ilishindikana

Mshauri hakumwambia aongeze bidii. Walichukua somo moja moja.

Biolojia ilimshangaza zaidi, kwa kuwa ndilo somo alilodhani ni lake. Alipojibu tena maswali ya mitihani iliyopita mbele ya mwalimu, tatizo lilionekana ndani ya nusu saa. Aliandika kama tabibu. Swali likiuliza jinsi shinikizo la damu linavyodhibitiwa mwilini, alianza na dalili na dawa, wakati mtahini anatafuta vipokezi kwenye mishipa, kituo cha neva kwenye ubongo, ujumbe unaokwenda kwenye moyo na mishipa, na mrejesho. Mzunguko wa maisha wa minyoo ya kichocho aliujua kuliko mwalimu wake, ila uainishaji wa viumbe, jenetiki, mimea na ikolojia hakuwa amevigusa tangu kidato cha nne, na hivyo ni sehemu kubwa ya karatasi.

Kemia ilianguka kwenye praktikali. Katika kupima ujazo wa asidi na besi, alisoma bureti kama mtu anayesoma bomba la sindano: jicho juu ya kimiminika, namba nzima au nusu, "24.5". Bureti husomwa jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini ya mkunjo wa kimiminika, na usomaji huandikwa kwa desimali mbili, 24.30 au 24.35. Vipimo vitatu vya kuaminika visitofautiane zaidi ya sentimita za ujazo 0.2. Vyake vilipishana kwa zaidi ya moja. Namba zikiwa hivyo, hesabu zote zinazofuata huzaa majibu mabaya hata kama kanuni imeandikwa sawasawa. Alikuwa amegusa bureti mara moja tu kabla ya mtihani, kituoni, wiki ya mtihani wenyewe.

Fizikia ilikuwa na jambo zito zaidi. Maelezo aliyaelewa. Alikwama pale mlinganyo ulipotaka kugeuzwa ili kiasi kinachotafutwa kibaki peke yake, palipohitajika sini na kosini kugawa kani, palipokuja logi, na palipotakiwa mteremko wa grafu. Yaani alikwama kwenye Hisabati. Ile F ambayo njia ya kidato cha sita haikuidai kwenye karatasi za udahili ilikuwa imejificha ndani ya karatasi ya Fizikia, ikimdai humo. Kwa mtazamo wetu hili ndilo funzo kubwa la kisa kizima, na ndilo ambalo wanaoshauri watu "fanya tu kidato cha sita, Hisabati haihitajiki" hawalisemi.

Mwaka wa pili: kilichobadilishwa

Safari hii alijisajili mapema, bila faini. Alitembelea vituo vitatu vya mtihani Mwanza mjini akiuliza mambo matatu: je, watahiniwa wa kujitegemea wanaruhusiwa kutumia maabara kabla ya mtihani, kwa malipo gani, na nani husimamia. Alichukua kile ambacho mtaalamu wa maabara alimfungulia mlango akamwonyesha bureti, daraja la mita (metre bridge) la kupimia ukinzani, na stoo ya kemikali. Kingine kilikuwa karibu zaidi na alipofikia, lakini maabara yake ilifunguliwa wakati wa mtihani tu.

Agosti hadi katikati ya Oktoba hakufungua kitabu cha Fizikia. Alisoma Hisabati ya kidato cha pili hadi cha nne, mada chache tu: kugeuza milinganyo, vipeo na logi, trigonometria ya pembetatu yenye pembe mraba, grafu na mteremko, uwiano. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu alimfundisha jioni tatu kwa wiki. Alipoirudia Fizikia, mada ya kani na mwendo iliyomchukua miezi miwili mwaka uliopita ilimchukua wiki tatu.

Desemba alizungumza na mwajiri. Aliomba likizo bila malipo, akanyimwa kwa kuwa mkataba haukuwa na kifungu hicho, akaamua kuuacha mkataba kufikia mwisho wa Januari kwa barua rasmi ya kujiuzulu. Uamuzi huo ulimuumiza: mshahara ulikuwa unalisha watu wanne. Alihamia kwa shangazi yake Mwanza mjini, mtoto akabaki na bibi yake, na Jumapili akawa anafanya zamu za kulipwa kwa siku kwenye zahanati binafsi. Shangazi alimwekea sharti moja: "Mwanangu, hapa hutapika wala hutafua hadi Mei. Ukianza kunisaidia, nitakurudisha kwenu."

Mgawanyo wa saa uligeuzwa. Fizikia saa 12 kwa wiki, Kemia 9, Biolojia 5. General Studies na hesabu za BAM (hisabati ya msingi ya kidato cha sita) zilipata jioni moja. Shabaha ziliandikwa ukutani: Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Kwa Fizikia, D ni alama 50, na hakujaribu kumaliza silabasi. Alichagua mada anazoweza kuzijibu hadi mwisho, yaani mekanika, joto, sifa za mata, umeme wa mkondo, mawimbi na fizikia ya mazingira, akaiacha sumakuumeme isipokuwa misingi yake. Baadhi ya walimu hawapendi mkakati huu. Kwa mwenye miezi kumi na daraja la S nyuma yake, tunaona ulikuwa sahihi.

Praktikali zilipewa kila Alhamisi alasiri, mfululizo kuanzia Februari. Kwenye Fizikia alifanya majaribio ya pendulo, ya kupoa kwa maji na ya daraja la mita hadi akaacha makosa matatu aliyokuwa akiyarudia: kusahau vizio kwenye vichwa vya jedwali, kuchagua skeli ya grafu inayokalia robo tu ya karatasi, na kuchora pembetatu ndogo ya mteremko inayokuza kosa la usomaji. Kwenye Kemia alijifunza kutambua chumvi kwa kufuata utaratibu ulioandikwa, hatua kwa hatua, kwa sababu mwanzoni alikuwa akikisia kutokana na rangi. Kwenye Biolojia kupasua panya hakukumpa shida. Shida ilikuwa mchoro: alichora kama anavyochora kwenye faili la mgonjwa, kwa mistari ya harakaharaka, wakati mtahini anataka mstari mmoja safi, lebo zilizonyooka na kichwa cha mchoro.

Matokeo: Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Pointi 4, 3 na 2, jumla 9.

Maombi ya pili

Hapa palikuwa na mtego mdogo ambao umewaangusha wengine. Mfumo wa maombi huuliza mwanzoni aina ya sifa: kidato cha sita au stashahada. Mwenye vyote viwili hushawishika kuchagua stashahada kwa sababu ndicho cheti chake cha juu na ndicho kinachoendana na kazi. Angefanya hivyo mfumo ungevuta AVN, ungeikuta 2.9, na hadithi ingeishia pale. Alichagua kidato cha sita, akaingiza namba yake ya mtihani inayoanza na P ya watahiniwa wa kujitegemea, pamoja na ile ya kidato cha nne inayoanza na S. Majina yalilingana herufi kwa herufi. Kazini alikuwa ameanza kutumia jina la mume, ila kwenye maombi alirudi kwenye majina ya cheti cha kidato cha nne, na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kilikuwa na majina hayohayo.

Awamu ya kwanza aliomba vyuo vitatu, kikiwemo alichokitamani kuliko vyote kwa ukaribu wake na mtoto. Hakuchaguliwa. Pointi 9 zinavuka kiwango cha chini, lakini kiwango cha chini humruhusu mtu kuomba tu. Nafasi ni chache, na vyuo vinavyoombwa zaidi hujaza kuanzia juu kwa wenye pointi nyingi. Hili aliambiwa mapema, kwa hiyo halikumvunja moyo kama mwanzo.

Awamu ya pili aliomba vyuo viwili binafsi vyenye nafasi zilizobaki, udaktari ukiwa chaguo la kwanza na shahada ya uuguzi ikiwa la pili. Alichaguliwa udaktari katika kimoja, mkoa mwingine. Ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitisha uliingia kwenye simu, akathibitisha siku hiyohiyo.

Fedha

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ulihitaji aonyeshe kwamba hana ajira inayompa kipato, na kwamba hajavuka miaka 35. Barua ya kujiuzulu ya Januari, aliyoiandika akiwa na uchungu, ndiyo iliyomwokoa hapa. Jina halikutoka kwenye orodha za mwanzo, lilitoka baadaye, na kwa kiasi ambacho hakikufikia ada yote ya chuo binafsi. Muhula wa kwanza ulilipwa na familia, kwa kuuza ng'ombe na kwa mchango wa kikundi cha akina mama cha shangazi yake. Angeanza kuhesabu ada tangu alipochagua vyuo vya awamu ya pili, angeandaa mchango huo Agosti. Aliuandaa Novemba, akasajiliwa wiki mbili baada ya wenzake.

Tathmini

Kilichofanya kazi zaidi ni kubadili njia ya kuingilia. Katika udahili wetu GPA ya stashahada iliyo chini ya kiwango haifidiwi kwa uzoefu wa kazi, kwa barua wala kwa mapendekezo. Wakati uliotumika kuandika kurasa tatu ungetosha kusoma safu moja ya mwongozo hadi nukta ya mwisho.

Cha pili ni kwamba kushindwa kwa mara ya kwanza kulichambuliwa somo kwa somo, kosa kwa kosa. Angerudia kwa kuongeza saa tu, angeongeza saa za Biolojia, kwa kuwa ndiyo aliyoipenda, na Fizikia ingebaki S.

Kuacha kazi hatuwezi kulisifu kwa kila mtu. Yeye alikuwa na shangazi, bibi wa mtoto, na zamu za Jumapili. Mwenye ajira ya serikali ana hesabu tofauti kabisa: kwake ruhusa ya masomo hupitia kwa mwajiri na mpango wa mafunzo wa halmashauri, na kujiuzulu huweza kumgharimu nafasi ambayo haitarudi.

Kilichoshindikana kiligharimu mwaka mzima: mtihani wa kwanza uliofanywa bila maabara na bila Hisabati. Mshauri naye ana sehemu yake hapo. Alisoma kwamba njia ya kidato cha sita haidai Hisabati, akaishia kwenye udahili, hakuuliza kama Fizikia inaidai. Mtu mwenye F ya Hisabati anayeelekezwa njia hii apewe kwanza karatasi moja ya Fizikia ya mwaka uliopita aijaribu kwa saa tatu. Itaonyesha kila kitu.

Na kwa mwanafunzi wa tiba ambaye bado yuko chuoni, mwaka wa kwanza au wa pili, hesabu ni tofauti na nyepesi zaidi. Atoe cheti chake cha kidato cha nne leo. Kama kuna F ya Hisabati au ya Kiingereza, ajisajili kulirudia somo hilo Novemba akiwa bado anasoma, ili D iwe mkononi kabla ya stashahada. Kisha achukue orodha ya moduli za mwaka wa mwisho na krediti zake, na azipe kipaumbele zenye krediti nyingi, kwa kuwa B moja kwenye moduli ya krediti 12 ina uzito wa B mbili kwenye za krediti 6. Na kama ada inachelewa, aende kwa mhasibu na kwa msajili kuomba kwa maandishi mpango wa kulipa kidogo kidogo kabla ya wiki ya mtihani wa ndani.